Aina ya Konokono

Malenga wenzangu na wapenzi wa Kiswahili, leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni juu ya maneno mawili madogo: "aina ya". Fungueni kamusi iliyo karibu nanyi, mtafute majina ya viumbe. Mara nyingi mno mtakuta samaki fulani ni aina ya samaki, ndege fulani ni aina ya ndege, mti fulani ni aina ya mti. Mkiingia baharini kwa viumbe wenye magamba, hali huwa mbaya zaidi: huyu ni aina ya konokono wa baharini, yule naye ni aina ya konokono wa baharini, na wa tatu hakuandikwa kabisa. Fasili ya namna hiyo haifasili kitu. Ni sawa na mwalimu aingie darasani, aite mahudhurio ya wanafunzi arobaini kwa kusema "mtoto, mtoto, mtoto", kisha afunge daftari na kudai kwamba amemaliza kazi.

Mtunzi mmoja, ambaye mashairi yake nayaheshimu, ameniambia kwamba jambo hili halistahili hasira. Hoja yake ina vipande viwili. Kwanza, majina ya wadudu na konokono ni kazi ya wanasayansi, nao wana Kilatini chao kinachowatosha. Pili, Kiswahili hakikuumbwa kwa mambo hayo. Utajiri wake umo katika hekima, mapenzi na dini, basi tukiache pale kilipo na nguvu. Nataka kuzijibu hoja hizo, wala sitazijibu kwa nadharia. Nitazijibu kwa konokono wenyewe.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Maskati, amejenga nyumbani kwake tangi la kioo la maji ya chumvi. Si tangi la samaki wa mapambo tu. Ni tangi la matumbawe. Ndani mna mawe yaliyoota viumbe, taa za kuiga jua, pampu za kuiga mkondo wa bahari, na chini pana tabaka la mchanga mweupe. Mchanga huo ukiachwa bila wa kuufukua hujaa makombo na kufunikwa na utando wa mwani, na ndiyo sababu wafugaji wa matumbawe hutafuta konokono wanaoishi mchangani, wale watembeao chini kwa chini kama majembe madogo. Wengine huja bila kualikwa, wamejificha katika nyufa za mawe. Basi kijana huyu akaniletea picha tano kwa simu na maneno haya: "Shikamoo mwalimu. Hawa wanaitwaje kwa Kiswahili? Wanangu wananiuliza, nami nawajibu 'konokono' kwa wote watano, mpaka naona haya."

Naona haya pamoja naye. Nilimfundisha Kiswahili miaka minne, na kwa kuwa walimu walikuwa haba, nikamfundisha Biolojia pia katika vidato vya chini. Biolojia hiyo, kama mjuavyo, ilikuwa kwa Kiingereza. Watoto waliozaliwa mahali ambapo maji yakipwa unaweza kutembea juu ya viumbe mia moja, walikariri sifa za moluska kwa mfano wa konokono wa bustanini aliyechorwa kitabuni, wakapata alama zao, wakaenda zao.

Tuwatazame hao watano, basi.

Wa kwanza ni mdogo, kama punje ya harage au kuizidi kidogo, gamba lake la mviringo uliochongoka upande mmoja. Mchana humwoni. Amejizika mchangani, ameacha nje mrija mmoja tu kama mkonga wa tembo, nao unapeperuka huku na huko ukinusa maji. Angusha kipande cha kamba tangini, kisha hesabu polepole. Kabla hujafika mbali, mchanga uliokuwa umetulia unapasuka mahali kumi, na konokono wanatoka mbio, kwa mbio za konokono, wote wakielekea kwenye mzoga. Wanasayansi humwita Nassarius. Hali mwani, anayemnunua ili amsafishie vioo amepoteza fedha zake. Kazi yake ni kula kilichokufa na kuuchanganya mchanga anapopita.

Jina hilo la Nassarius limetoka wapi? Neno la Kilatini nassa maana yake ni mtego wa samaki uliosukwa, wenye shingo nyembamba: kwa lugha yetu, dema. Namwomba mtunzi wangu alisome hilo mara mbili. Kile Kilatini kitukufu kinachowatosha wanasayansi ni dema la mvuvi. Wala si hilo peke yake. Conus ni umbo la pia. Turbo ni pia ichezwayo na watoto, na Strombus, kwa Kigiriki, ni kitu kizungukacho kama pia. Terebra ni keekee ya seremala. Cassis ni kofia ya chuma ya askari. Mitra ni kilemba. Oliva ni zeituni. Carl Linnaeus wa Uswidi, alipochapisha toleo la 10 la Systema Naturae mwaka 1758, pamoja na waliomfuata, hawakuteremshiwa majina kutoka juu. Waliingia karakanani, sokoni na kwenye masanduku ya nguo, wakachukua vilivyokuwamo.

Wengine walichukua hata zaidi. Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyeitumikia kampuni ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon, alipofuka macho mwaka 1670, lakini hakuacha kuandika habari za makombe na konokono wa bahari ile. Kitabu chake kilitoka mwaka 1705, miaka mitatu baada ya kufa kwake, na ndani yake mna majina ya Kimalai, majina ya watu waliokuwa wakiwaokota viumbe hao ufukweni mwao. Linnaeus alikitumia kitabu hicho. Kwa hiyo Mmalai wa pwani, asiyejua kusoma Kilatini, alichangia katika elimu ya ulimwengu kwa kuwa na jina mdomoni na kwa kumpata mtu wa kumsikiliza. Sisi tulikuwa na majina. Wa kutusikiliza walikuwa wachache, na wengi wa hao wachache waliandika "aina ya".

Hapo nageukia hoja ya pili, kwamba Kiswahili hakikuumbwa kwa mambo hayo. Hii ndiyo inayoniudhi hasa, maana inasemwa na watu wanaokipenda Kiswahili. Neno "pwani" lenyewe limetokana na kupwa kwa maji. Mahali petu pa asili tumepaita kwa jina la tendo la bahari, tena tendo lile linalowaacha konokono wazi mchangani. Tuna bamvua na maji mafu, na kila mama aendaye kuchokoa pweza anajua tofauti yake kuliko mhadhiri yeyote. Lugha iliyozaliwa hapo ndiyo leo tunaambiwa haikuumbwa kwa ajili ya hapo?

Tazameni "dondo". Ni kauri kubwa yenye madoa, nene, laini kama kioo kilichopakwa mafuta. Mafundi wa kushona waliitumia kulainisha na kulaza mshono. Neno moja limebeba umbo, uzito, ulaini na kazi. Tazameni "kete", iliyohama kutoka gamba la baharini ikawa kitu cha kuchezea. Siku hizi ukimtajia kijana wa mjini kete, anageuka kuangalia kama polisi yupo. Tazameni "simbi". Tazameni "kome", jina ambalo kijiji kimoja hulipa kiumbe hiki na kijiji cha pili kile, na tofauti hiyo yenyewe ni habari inayostahili kuandikwa. Na "kauri", ambayo tuliipokea kutoka lugha za Bara Hindi, tukaifanyia jambo la ajabu: tukakiita kwa jina lake chombo cha udongo mweupe unaong'aa, chombo cha kauri. Waitaliano walifanya vivyo hivyo. Neno lao porcellana lilikuwa jina la kauri kabla halijawa jina la vyombo vya Kichina. Mtaliano na Mswahili, bila kushauriana, waliona mng'ao mmoja wakafikia fikira moja. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuja Unguja kupakia kauri merikebuni, wakazipeleka Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha. Kumbe kiumbe wa mchangani aliweza kununua ng'ombe na kulipa mahari, lakini hastahili mstari mzima katika kamusi.

Nirudi kwa picha. Wa pili nitampitia haraka: mrefu, mwembamba, amejisokota kama skurubu, chakula chake ni mwani na makombo, naye huamka usiku. Ni Cerithium. Anafanya kazi juu ya mawe na ndani ya mchanga, halalamiki, na wafugaji wanamsifu. Ukimwita "skurubu" sitakugombeza.

Wa tatu na wa nne ndio walionifanya niandike makala haya.

Katika picha zote mbili palikuwa na gamba lenye umbo la pia: upande mmoja mpana, upande wa pili umechongoka, na mdomo mrefu mwembamba umelala kando kama mpasuo. Ukubwa ulikaribiana. Kwa macho ya haraka ni ndugu. Kijana alinieleza kwamba wa tatu alimnunua dukani na wa nne aliokota mwenyewe ufukweni, kwa mkono, kwa kuwa alipendeza; akamtia mfukoni, akarudi naye nyumbani kwa gari.

Wa tatu ni wa kundi la Strombus. Katika Bahari ya Hindi ya magharibi yuko mmoja anayeitwa Conomurex decorus, anayefanana na pia kiasi kwamba waliompa jina walilitia umbo hilo ndani yake. Ni mtu wa amani: anafagia mchanga na kula utando wa mwani kutwa kucha. Utamjua kwa macho. Ana macho mawili juu ya vikonyo virefu, yenye duara za rangi kama macho ya mtu, na ukingo wa gamba lake, karibu na ncha ya mbele, una pengo dogo ambamo jicho la kulia huchungulia. Utamjua pia kwa mwendo. Hatambai kama wenzake. Kifuniko chake kimekuwa kama wembe uliopinda, naye hukikita mchangani akajirusha mbele. Ukimpindua chali, hujipindua kwa teke moja.

Wa nne alikuwa Conus textile. Gamba lake lina michoro ya pembetatu nyeupe, kubwa kwa ndogo, juu ya rangi ya dhahabu na kahawia, mithili ya kitambaa kilichotiwa nakshi. Ndiyo maana ya jina lake. Hana pengo la jicho ukingoni. Mbele anatoa mrija wa kunusia, na pamoja nao ana mdomo unaoweza kurefuka kuelekea upande wowote, ndani yake mna jino lililo tupu kama sindano na lenye ndoano kama chusa. Jino hilo hupiga sumu. Huyu huwala konokono wenzake, kwa hiyo tangini angewamaliza wote niliokwisha kuwataja. Ndugu yake, Conus geographus, mwenye gamba jepesi na mdomo mpana, huwinda samaki wakati wa usiku, naye ndiye aliyeua watu wengi kuliko wote wa ukoo huo. Wote wawili wanapatikana katika pwani yetu. Dawa ya kuivunja sumu yao haipo. Aliyechomwa hupelekwa hospitali haraka, asaidiwe kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Rumphius, yule kipofu, aliandika habari za mwanamke mtumwa huko Banda aliyekufa kwa kumshika konokono wa namna hii mkononi. Ni habari ya zaidi ya miaka 300 iliyopita, nasi bado tunawaambia watoto "konokono".

Nilimpigia simu kijana sikungoja kuandika. Nilimwambia asimguse, amtoe kwa koleo ndefu na ndoo, amrudishe baharini, na wanawe wakae mbali. Aliniuliza: "Mwalimu, niwaambie wanangu ni nani huyu?" Sasa nyinyi mnaosema majina ni kazi ya wanasayansi, mjibuni. Mtoto wa miaka sita ataonywa kwa neno gani? Kwamba asiokote aina ya konokono? Katika fukwe zetu wako watoto wanaokusanya magamba kuwauzia wageni, na gamba likiwa hai hung'aa zaidi, kwa hiyo hao hulitafuta lililo hai. Wanashika kwa viganja. Wanatia kwenye mifuko ya kaptura, karibu na paja. Hapa jina la kiumbe limekuwa ukuta kati ya mkono wa mtoto na sindano.

Najua kuna kambi nyingine inayosubiri nimalize ili iniletee suluhisho. Hao ni wasanifu wa maneno wa mezani, ambao wangechukua Nassarius wakaandika "nasariasi", wakachukua Conus wakaandika "konasi", wakafunga kikao na kunywa chai. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. "Pampu" na "simu" nimeyatumia hapa bila kuona aibu. Lakini neno la kukopa kwa kiumbe anayeishi chini ya nyayo zako ni kama kuagiza chumvi kutoka ng'ambo huku umekaa ufukweni. "Konasi" haimwonyi mtu. Haina umbo wala mwendo, wala haingii katika kitendawili.

Kwa hiyo nimeweka mezani majina ya mfano, mnigombeze mtakavyo. Huyu muuaji namwita "piasumu": pia kwa umbo, sumu kwa tabia, na onyo limo tumboni mwa jina. Yule wa amani mwenye macho ya kuchungulia namwita "kikonyo". Na Nassarius, ajizikaye kisha akatokea ghafla, namwita "kizuka". Mke wangu amelipinga jina hilo kwa nguvu. Anasema kizuka ni mwanamke aliye katika eda, amejisitiri kwa huzuni, si haki kumfananisha na mla mizoga anayetoka mbio akinusa kamba. Nimemjibu kwamba kizuka ni pia kile kitu kinachozuka mbele yako usikotarajia. Hajaridhika. Ila tazameni: tumebishana juu ya konokono wa mchangani kwa muda wa chakula kizima cha usiku, kwa Kiswahili, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema "aina ya".

Wa tano ananipa furaha ya pekee, kwani amewashinda hata Wazungu. Ni duara, laini, anang'aa kama kaa la mwezi. Wapo weupe pe kama Polinices mammilla. Husafiri chini ya mchanga akitafuta makombe yenye pande mbili. Akilipata moja hulikumbatia kwa mguu wake mpana, akalilainisha gamba kwa tindikali na kulikwangua kwa ulimi wake wenye meno, mpaka atoboe tundu la duara safi, lenye ukingo ulioinama kama kazi ya fundi. Kisha anamla mwenyeji humo ndani. Bila shaka mmekwisha kuokota kombe lenye tundu moja zuri mkadhani limetobolewa ili livaliwe shingoni. Sasa kumbukeni kwamba Terebra maana yake ni keekee. Jina hilo walimpa konokono mwingine, mrefu na mchongofu, kwa kutazama umbo lake tu. Yeye hatoboi makombe. Mtoboaji halisi akakosa jina la kazi yake. Waliokuwa kabatini kwa wakusanyaji waliona magamba makavu. Hawakumwona fundi akiwa kazini. Jina la "keekee" bado liko huru kwa mwenye haki nalo, nasi tunaweza kumpa.

Hapa nawageukia nyinyi malenga, maana nisipowagusa nitakuwa nimekuwa mwoga. Lulu imefanya kazi katika mashairi yetu bila likizo. Mpenzi ni lulu, mama ni lulu, amani ni lulu, Kiswahili ni lulu. Wangapi katika sisi tumewahi kumfungua chaza tukaona utando wake unavyojikunja kwa kuguswa na mwanga? Tunaazima mng'ao wa bahari bila kushuka baharini. Na huko chini yuko mnyama anayenusa kwa mkonga, mwingine anayeruka kwa wembe, mwingine anayeua kwa sindano akiwa amevaa nakshi za harusi, na mwingine anayetoboa nyumba ya jirani kwa subira ya fundi. Kama hayo si mafumbo, basi mimi sijui nilifundisha nini miaka yote ile. Hakuna hata mmoja wao aliyekwisha kuchakaa kwa kutumiwa.

Ombi langu ni la kazi. Bamvua lijalo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ikiwa unaishi Lamu, Pangani, Tumbatu, Mafia, Kilwa au popote maji yanapopwa, fuatana na kina mama waendao kuchokoa. Waamkie vizuri, wabebee ndoo, nyamaza, sikiliza. Kila jina utakaloletewa liandike pamoja na mambo manne: kijiji ulikolisikia, umbo la mdomo wa gamba, mahali kiumbe anapokaa maji yakipwa, na anachofanya. Usimtoe aliye hai, na mwenye umbo la pia usimshike kabisa. Nitumie ulichoandika, nikipange pamoja na vya wenzako. Nitasahihisha kwa kalamu nyekundu kama zamani, na atakayeniandikia "aina ya" nitamrudishia daftari lake.